Kufunga kinga ya msumeno kwa waya si ufundi

MINEMBWE – Mapigano yalipozidi mwaka 2019, vijiji vingi vya nyanda za juu za Fizi, Uvira na Mwenga vilichomwa. Familia zilizohama zinahitaji milango, madirisha na mapaa, na fundi mwenye msumeno wa umeme wa kushika mkononi na jenereta anamaliza kwa dakika chache kazi ambayo msumeno wa mkono ungeifanya kwa muda mrefu. Hakuna anayepinga faida hiyo. Kinachopaswa kupingwa ni tabia ya kuinua kinga ya chini na kuifunga kwa waya, diski ikabaki wazi, eti kazi iende mbio.

Kinga hiyo si pambo. Diski ya msumeno wa kawaida huzunguka karibu mara 5,000 kwa dakika, na huendelea kuzunguka hata baada ya kidole kuachia swichi. Kinga hurudi yenyewe mara mashine inapotoka kwenye ubao. Ikifungwa, fundi anashusha karibu na paja lake chuma ambacho bado kinakata.

Watetezi wa waya wanasema fundi mzoefu hahitaji kinga. Si kweli. Uzoefu hauzuii ubao kubana. Ubao ulioegemezwa ncha mbili tu hulegea katikati unapokatwa, mpasuko hujifunga, diski hubanwa, na mashine inaruka nyuma kumwelekea aliyeishika kabla hajafumba jicho. Mbao mbichi za mikaratusi zinabana zaidi.

Njia za kujikinga hazina gharama. Ubao uegemezwe karibu na mahali pa kukata, na kipande kinachokatwa kiachwe kianguke. Ufungwe kwenye meza, usishikiliwe na mtoto. Diski ipite chini ya ubao kwa urefu wa jino moja tu. Mikono yote miwili ishike mashine, na mwili usimame kando ya mstari wa diski. Waya wa umeme uchomolewe kabla ya kubadilisha diski.

Wengine wanajitetea kwamba vijana wa wahami wanaiomba kazi wenyewe. Ndiyo, wanaiomba, kwa sababu mashamba na ng'ombe wao vimebaki nyuma. Lakini njaa ya mtu si ruhusa ya kumkabidhi mashine bila kumfundisha. Sheria ya Kazi ya Congo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake, na inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kupewa kazi ya hatari. Haikusema "isipokuwa Minembwe".

Kushuka Baraka au Uvira na mtu anayevuja damu ni safari ndefu kwa barabara mbovu, na mapigano yanaweza kuifunga. Mhami aliyepoteza nyumba amebakiwa na mikono yake. Akipoteza mkono, familia nzima imepoteza chakula. Na msumeno hauulizi kabila.

Kwa hiyo wenye mashine wafungue waya hizo leo. Mteja aangalie kinga kabla ya kutoa pesa, na ikiwa imefungwa, apeleke kazi kwa fundi mwingine. Mashirika yanayolipia vibanda vya wahami yaandike sharti hilo katika mikataba. Mkono ukikatika kwa sababu ya waya, mtu asiseme ni bahati mbaya.