Fomu za Madiwani Zisisomwe Peke Yake



Naomba nafasi niseme juu ya mgongano wa maslahi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi hisa na mishahara miwili. Mwaka 1991 masharti hayo yalilegezwa Zanzibar. Sasa Sheria ya Maadili Na. 13 ya 1995 humtaka diwani kutaja mali yake, ya mwenzi wake na ya watoto wao wadogo. Ndugu wa tumbo moja na mtoto mkubwa hawamo. Zabuni ya zahanati ikienda kwa ndugu, fomu hubaki safi.

Basi majina ya wanaopewa zabuni yabandikwe ofisi ya kata. Sekretarieti ya Maadili inazijua fomu. Sisi wananchi tunawajua ndugu.

Mpiga kura,
Mkula, Simiyu.