UCHAMBUZI: Kipande cha bunduki mkobani ni bunduki mbele ya sheria

MDHARAU mwiba mguu huota tende. Methali hii yawafaa mno wasafiri wanaovuka mpaka wa Kenya na Tanzania pale Isebania, au wanaotua Nairobi kutoka ng'ambo, wakiwa na kipuri cha bunduki mkobani na imani moyoni kwamba, maadamu hawakubeba bunduki nzima, sheria haina neno nao.

Sheria ina neno nao, tena neno zito. Tatizo ni kwamba aghalabu raia hulisikia kwa mara ya kwanza akiwa kizimbani.

Wakazi wa Nyamarambe, katika eneobunge la Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii, wana sababu mbili za kulizingatia suala hili kuliko Wakenya wengi. Ya kwanza ni mahali walipo. Eneo lao limepakana na Migori upande mmoja na Transmara, Kaunti ya Narok, upande mwingine. Barabara kuu ya kutoka Kisii kupitia mjini Migori huishia Isebania, na ng'ambo ya pili ni Sirare, wilaya ya Tarime. Mchuuzi aliyeamka Nyamarambe alfajiri aweza kuvuka mpaka na kurejea nyumbani kabla ya jua kutua.

Ya pili ni jamaa walio ughaibuni. Jimbo la Minnesota nchini Marekani lina jamii kubwa ya Abagusii, na nchini humo darubini ya bunduki, magazini au mkoba wa bastola huuzwa madukani kama bidhaa nyingine yoyote. Anayerudi nyumbani Desemba akiwa na zawadi ya namna hiyo kwa mjomba mwenye leseni ya bunduki huenda asione kosa lolote.

Tuanze na sheria ya humu nchini. Sheria ya Silaha ya Kenya, ambayo ni Sura ya 114, haikomei kwenye chombo kizima kinachofyatua risasi. Maana yake ya neno silaha hukumbatia pia sehemu za chombo hicho, pamoja na kifaa chochote kilichoundwa kupunguza mlio au mwako wa risasi inapofyatuliwa. Kwa maneno mengine, anayebeba kiwambo cha kuzuia sauti, hata kama hajawahi kushika bunduki maishani, amebeba silaha machoni pa hakimu. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyefunga mtutu mtupu ndani ya blanketi.

Risasi nazo zahitaji cheti, hata ikiwa ni moja tu iliyosahauliwa katika mfuko wa koti.

Kuhusu magazini, kitako na vipuri vingine vidogo, pana nafasi ya mabishano: je, kifaa hicho ni sehemu ya silaha, au ni pambo tu lililofungwa juu yake? Jibu hutegemea ushahidi wa mtaalamu wa silaha wa polisi, na ushahidi huo hutolewa baada ya mtu kukamatwa, si kabla.

Orodha ya kimataifa ya bidhaa inayotumiwa na maafisa wa forodha inadhihirisha jinsi mambo haya yanavyoweza kumkanganya mtu wa kawaida. Silaha, risasi, vipuri na viungo vyake vimo katika Sura ya 93. Darubini ya bunduki, iwapo haijafungwa kwenye bunduki wala kuletwa pamoja nayo, huondolewa katika sura hiyo na kuwekwa kwenye Sura ya 90 pamoja na kamera na vyombo vingine vya macho. Mkoba wa bastola nao umo katika fungu moja na masanduku ya safari.

Basi mtu aweza kusoma orodha hiyo akadhani kwamba darubini ni huru. Asisahau kwamba orodha ya forodha huamua ushuru na utaratibu wa mizigo pekee. Haimzuii afisa wa polisi kumuuliza mwenye darubini bunduki yake iko wapi, wala haimlazimu kuliamini jibu atakalopewa.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeweka silaha na risasi zote za Sura ya 93 katika kundi la bidhaa zilizodhibitiwa, yaani zisizoingizwa ila kwa kibali. Anayekiuka sharti hilo akabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa, au adhabu zote mbili. Mizigo yenyewe hutaifishwa, na gari lililoibeba laweza kutaifishwa vilevile. Mwenye Probox anayekubali kupakia kila kifurushi anacholetewa stendini na alitafakari hilo.

Msomaji azingatie hesabu ya adhabu hiyo. Faini hufuata bei, na kipuri cha bei ya chini huzaa faini ndogo. Kifungo hakifuati bei. Kipande cha chuma kilichonunuliwa kwa fedha za chakula cha mchana chaweza kumweka mtu gerezani muda ule ule na shehena nzima.

Hayo ni makosa ya forodha tu. Mashtaka chini ya Sheria ya Silaha ni makali zaidi. Kwa silaha za kivita zilizopigwa marufuku, kama vile bunduki zinazofyatua risasi mfululizo, kifungo huanzia miaka 7. Ndiyo maana aina ya bunduki ambayo kipande kimetoka huwa jambo kubwa mahakamani.

Wengi hujitetea kwa kusema: "Mzigo si wangu, nilitumwa tu." Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, imepanua mno maana ya kumiliki kitu. Mtu huhesabiwa kuwa nacho hata kikiwa mikononi mwa mwingine, au mahali pasipo pake, mradi ajue kipo na kiwe kwa matumizi au manufaa yake au ya mtu mwingine. Aidha, wakiwa wawili au zaidi, na mmoja wao akawa na kitu kwa ujuzi na ridhaa ya wenzake, wote huhesabiwa kuwa nacho.

Kiini hapo ni kujua. Asiyejua kilichomo ana utetezi. Lakini utetezi huo hutolewa mbele ya hakimu, baada ya siku za rumande, gharama ya wakili na pengine shamba kuwekwa rehani ili dhamana ipatikane. Kijana wa bodaboda aliyelipwa nauli ya kufikisha kifurushi aweza kushinda kesi na bado akawa amepoteza pikipiki na mwaka mzima wa kazi.

Lipo pia kosa la kudhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeifuta mipaka. Ni kweli kwamba Umoja wa Forodha ulianza 2005 na Soko la Pamoja likafuata Julai 2010. Ni kweli vilevile kwamba Isebania na Sirare ni kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili katika upande anaoingia. Hata hivyo, kusimama mara moja si kuwa chini ya sheria moja. Afisa wa Tanzania aliyeketi upande wa Kenya anatekeleza sheria za kwao katika eneo hilo la ukaguzi, na jirani yake Mkenya anatekeleza za kwetu. Kipuri kimoja chaweza kuwa kosa la kutoa bila kibali kwa huyu, na kosa la kuingiza bila kibali kwa yule.

Tofauti ya sera kati ya nchi hizi mbili huzidisha mtego. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ilhali Tanzania huruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni. Bunduki yenye darubini iliyo halali kabisa katika kitalu cha uwindaji Tanzania haiwi halali kwa kuvuka tu hadi Isebania, kwa kuwa hati ya Tanzania si kibali cha Kenya. Tanzania nayo iliiondoa sheria yake ya silaha ya 1991 na kutunga nyingine mwaka 2015, hivyo anayetegemea ushauri wa mzee aliyevuka zamani anategemea sheria iliyokwisha kufa.

Anayetoka Marekani ana mlango mwingine wa kuvuka kabla hata hajafika Nairobi. Tangu Machi 2020, usafirishaji wa silaha nyingi za kawaida, vipuri vyake na darubini zake kutoka nchini humo husimamiwa na Wizara ya Biashara, ilhali viwambo vya kuzuia sauti vilibakia katika orodha ya zana za kivita. Kilichonunuliwa kihalali katika duka la Minneapolis chaweza kuwa haramu kukitoa Marekani bila idhini, hata kabla Kenya haijauliza lolote.

Ukali wa vyombo vya dola katika ukanda huu una historia. Baada ya vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, bunduki zilisambaa hadi Kuria, na wizi wa mifugo uliokuwa wa mishale ukageuka kuwa wa risasi. Mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika yalitoa Azimio la Nairobi mwaka 2000, kisha yakatia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo mnamo Aprili 21, 2004. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001, ambayo Kenya ni mwanachama wake, yataja vipuri kwa jina: mtutu, fremu, komeo na kifaa cha kupunguza sauti.

Sababu yaeleweka. Anayetaka kuingiza bunduki haramu si lazima ailete nzima. Aweza kuivunja vipande, kila kipande kikapita na mtu wake, kisha kikaunganishwa huku ndani. Sheria isiyogusa vipande ingekuwa wavu wenye tundu la kupitisha papa.

Hata hivyo, wavu huo hunasa dagaa pia. Mwaka 2024, Wamarekani kadhaa walikamatwa katika visiwa vya Turks and Caicos kwa kukutwa na risasi mizigoni, ambazo baadhi yao walisema walizisahau. Sheria ya huko ilikuwa imeweka kifungo cha chini cha miaka 12. Mahakama iliwapunguzia adhabu kwa kutambua mazingira ya kipekee, lakini walikuwa wamekwisha kuzuiliwa visiwani kwa majuma kadhaa. Wao walikuwa na wabunge wa kwao wa kuwapigia kelele. Mchuuzi wa Nyamarambe hana.

Hapo ndipo Serikali inapostahili kuulizwa. Katiba ya 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 na kuomba dhamana. Hizo ni haki za aliyekwisha kunaswa. Asiyenaswa bado anahitaji kujua, kwa Kiswahili chepesi, ni vipande gani vinahitaji kibali. Orodha ya ukurasa mmoja yenye picha, iliyobandikwa Isebania na katika ofisi za machifu, ingeokoa vijana wengi kuliko onyo lolote la jukwaani. Bodi ya Leseni za Silaha na Mamlaka ya Ushuru, KRA, zina ujuzi wote unaohitajika kuitayarisha.

Kabla ya hapo, mwenye haja halali na aombe kibali kwa Bodi hiyo kabla ya kununua, si baada ya kufika mpakani. Aliyekwisha kufika na kugundua ana kitu chenye shaka na akitangaze mwenyewe kabla ya mkoba kufunguliwa, kwani mahakama humtazama tofauti aliyesema na aliyeficha. Na anayeombwa kumfikishia mtu kifurushi kilichoshonwa ana haki ya kutaka kifunguliwe mbele yake. Mwenye mzigo akikataa, na aubebe mwenyewe.