Mtoe Mpiga Rithimu Uone

SIKIO LA JUMA
Na Halima Mshindo

Bendi ikipanda jukwaani, macho ya watu hukimbilia kwa mtu mmoja. Ni yule aliyesogea mbele, vidole vimeshuka hadi karibu na tumbo la gitaa, pale sauti inapokuwa nyembamba, na kila akiongeza mwendo vigelegele navyo vinaongezeka. Kesho yake mjadala wa kijiweni ni ule ule: nani mkali wa gitaa? Majina yanatajwa, sauti zinapanda, na karibu majina yote ni ya wapiga solo. Naamini tumekuwa tukipima vibaya kwa miaka mingi, na hasara yake sasa inasikika ndani ya muziki wenyewe.

Kipimo changu ni hiki. Chukua wimbo unaoujua vizuri, fuata gitaa moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha usikilize tena huku ukijaribu kulifuta gitaa hilo masikioni. Wimbo umebaki umesimama? Jaribu kwa "Sina Makosa" ya Les Wanyika, wimbo usiohitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote kuanzia Mombasa hadi Kigoma. Gitaa la solo mle ndani ni tamu, sina ubishi. Ukilifuta, utamu unapungua lakini wimbo unaendelea kutembea. Sasa futa rithimu ya Omar Shabani. Besi ya Tom Malanga, ambayo hupiga noti chache na kunyamaza pale ambapo mwingine angejaza, inabaki inaning'inia. Waimbaji wanakosa pa kukanyaga. Rithimu yenyewe ni mchoro mfupi unaorudi na kurudi, na kila ukirudi unakuta mguu wako umeshauitikia kabla hujaamua kucheza. Shabani aliitwa Profesa, na alistahili jina hilo.

Historia ya bendi hiyo inanipa hoja yangu kubwa. Ndugu wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walianzia Jamhuri Jazz mjini kwao, wakapita Arusha na Mombasa, wakafika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuijenga Simba Wanyika. Wote wawili walipiga gitaa na kuimba. Mwaka 1978 bendi ikapasuka. Angalia walioondoka: Shabani wa rithimu, Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu. Ndugu hao wawili, waliokuwa nguzo ya jukwaa, walibaki. Wale wa nyuma, ambao mashabiki hawakuwa wakiwakodolea macho, ndio waliokwenda kuanzisha Les Wanyika na kutoa wimbo ambao hadi leo ukipigwa harusini wazee na wajukuu wanainuka pamoja. Simba Wanyika nayo haikufa, iliendelea kupendwa. Ila tuseme kweli: ukubwa wa gitaa katika bendi ile haukukaa mbele peke yake, na mtengano ule uliudhihirisha.

Kuna wakati kazi zote hizi zilifanywa na mtu mmoja. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji wa Katanga ambao sasa ni Likasi, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kijana aitwaye Jean-Bosco Mwenda na gitaa lake. Kipande chake kimoja, "Masanga", kimewasumbua wapiga gitaa wa mabara yote tangu siku hiyo. Mwenda alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene na kutembeza besi. Kidole cha shahada kilibeba sauti ya juu. Na katikati ya viwili hivyo ikazaliwa rithimu ambayo masikio yanaisikia ingawa huwezi kuonyesha ni kidole kipi kinachoipiga. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani kuna magitaa mawili. Mwenda na binamu yake Edouard Masengo baadaye walifika Nairobi, na vijana wa Kenya wakawasikiliza kwa makini. Kule Uluhya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa na mtindo wake wa omutibo, gumba likitembea na mwenzake akigonga chupa ya soda kushika mapigo. Chupa, jamani! Hata mtu aliyeweza kupiga besi na sauti ya juu kwa mkono mmoja alitaka mwenzake wa kumshikia mapigo.

Gitaa la umeme lilipoingia na bendi zikakua, kazi ya vidole vya Mwenda iligawanywa kwa watu: solo, rithimu, besi, na katika bendi nyingi za Dar es Salaam gitaa la nne, second solo, linalosuka kati ya solo na rithimu. Figa moja haliinjiki chungu. Tangu hapo mpiga gitaa mkubwa ni yule anayeusikia wimbo mzima kama Mwenda alivyousikia, ingawa amepewa sehemu yake moja tu ya kupiga.

Dk. Nico Kasanda aliujua ukweli huu kwa damu. Alizaliwa Mikalayi, Kasai, mwaka 1939, na hakuna mpiga solo wa Afrika aliyeigwa kuliko yeye, ukimwondoa labda Franco. Noti zake zilikuwa za mviringo, safi, kila moja ikimaliza kusema kabla ya inayofuata kuanza. Lakini rithimu nyuma yake ilipigwa na kaka yake mkubwa, Mwamba Charles, maarufu Dechaud. Wawili hao walikuwa Brussels mwanzoni mwa mwaka 1960 pamoja na Joseph Kabasele na African Jazz, wakati wanasiasa wa Kongo wakijadiliana na Wabelgiji, na hapo ndipo ulipotoka "Indépendance Cha Cha", ukasambaa kwa redio katika nchi zilizokuwa zikisubiri zamu yao. Nico anasifiwa kwa wimbo ule na anastahili. Usikilize tena umsikilize Dechaud. Hakuna anapoharakisha, hakuna anapochelewa. Kwa ajili hiyo mdogo wake anaweza kupaa, akijua atakaporudi atamkuta kaka pale pale alipomwacha.

Franco Luambo naye alijifunza kwa njia ambayo hakuna shule inayoifundisha. Mama yake alikuwa akiuza sokoni Kinshasa, na kijana Luambo, akiwa na gitaa alilojitengenezea, alipiga ili wateja wavutike kwenye biashara ya mama. Fikiria darasa hilo. Mpita njia akiendelea na safari, umeshindwa. Akisimama, mama anauza. Mtoto aliyekulia hapo anajifunza kuwatazama watu kuliko kutazama vidole vyake. Baadaye, akiwa kiongozi wa OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956, Franco hakupiga haraka kama Nico wala hakutafuta ulaini wake. Alivuta nyuzi mbili kwa pamoja kwa gumba na kidole cha shahada, sauti nzito yenye makwaruzo, mchoro mmoja ukizunguka hadi ukumbi mzima ukawa mwili mmoja. Ni solo, lakini inafanya kazi ya rithimu. Na kando yake, tangu mwaka 1961 hadi Franco alipofariki mwaka 1989, alisimama Simaro Lutumba na gitaa la rithimu. Simaro huyo ndiye mtunzi wa "Mabele" alioimba Sam Mangwana, na wa "Maya". Wakongo walimwita mshairi. Sishangai kwamba mshairi wa bendi alikuwa mpiga rithimu: mtu anayekaa ndani ya wimbo usiku kucha bila kushindania sifa, anapata nafasi ya kusikia unachohitaji.

Msomaji wa Morogoro ameshaanza kuniuliza: na Mbaraka Mwinshehe je? Simuondoi. Mbaraka ndiye mpiga solo ninayempenda kuliko wote waliozaliwa Tanzania, na ndiye ushahidi kwamba solo ikijua kusikiliza hufika pale pale. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja. Anamaliza mstari, gitaa linajibu. Swali likiwa la huzuni, jibu halichekelei. Katika wimbo wake "Shida" gitaa linaongea kwa lafudhi ya mwimbaji, kwa sababu mwimbaji na gitaa ni mtu yule yule, na maneno anayajua uzito wake. Morogoro Jazz ilipokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, ilikuwa na mpiga gitaa ambaye ungemtambua kwa noti chache tu. Alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na bendi ya Super Volcano, hakuwa ametimiza miaka 35. Kasi yake sijawahi kuifikiria hata mara moja. Ninachokumbuka ni majibu.

Watu wa kizazi kile walikuwa na malezi mawili ambayo vijana wetu hawana. La kwanza ni studio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zikipiga kwa pamoja, wote chumba kimoja, kwa mpigo mmoja. Hapakuwa na kurekodi gitaa lako peke yako leo na la mwenzako kesho, kisha fundi mitambo aunganishe. Ukiteleza, mmeteleza wote, mnaanza upya. Mtu aliyelelewa hivyo huwa na sikio moja kwenye nyuzi zake na jingine kwa jirani.

La pili ni mshahara, na hapa ndipo ninapokasirika. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa chini ya shirika la usafiri kabla ya kwenda DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Wanamuziki waliajiriwa, walifanya mazoezi mchana, walipiga usiku. Ndani ya mfumo huo mtu kama Michael Enoch, aliyekuwa mpiga solo hodari wa Dar es Salaam Jazz, aliweza kufika Mlimani Park akashika saksafoni na kazi ya kupanga muziki, akawaachia wengine magitaa. Aliona bendi ilihitaji nini. Mwanamuziki anayelipwa kwa vigelegele vya usiku ule hawezi kufanya uamuzi wa namna hiyo.

Leo mwenye ukumbi akitaka kupunguza gharama, wa kwanza kuondolewa ni mpiga rithimu. Kinanda kinachukua nafasi yake. Tulishaona mfano huo Paris katika miaka ya 1980, pale soukous ilipokata sehemu ya polepole ya wimbo, ikaingia moja kwa moja kwenye sebene, sehemu ya kasi ya magitaa, na mashine mara nyingi ikashika kazi ya dramu. Diblo Dibala, mpiga solo wa soukous hiyo, ni fundi wa kweli na nyimbo zile zilituchezesha. Lakini sikiliza albamu mbili mfululizo uniambie kama hukuchoka. Vidole vinakimbia, na nyuma yake hakuna mtu wa kuvijibu. Kijana anayejifunza sasa peke yake chumbani juu ya mapigo ya kompyuta anarithi upungufu huo bila kosa lake. Kompyuta haitamwambia amezidisha. Wengi wanaookolewa ni wale wanaopigia kwaya kanisani, kwa sababu pale mwalimu wa kwaya akimwona mpiga gitaa anafunika sauti za akina mama, anamnyamazisha papo hapo.

Tumechangia wenyewe kuwasahau. Santuri za zamani ziliandika jina la wimbo, mtunzi na bendi. Mpiga rithimu hakuandikwa. Jina lake lilibaki kwa waliokuwepo, na waliokuwepo wanazidi kupungua. Kanda za Redio Tanzania zipo TBC, muziki umo, lakini nyingi ya sauti hizo hazina mwenyewe kwa msikilizaji wa leo.

Nawaomba watangazaji wa vipindi vya zilipendwa: mkitaja mwimbaji na mpiga solo, tajeni na wa rithimu na wa besi, na msipojua waulizeni wasikilizaji hewani, maana wapo wanaojua. Na wewe msomaji, kama mtaani kwenu yuko mzee aliyepiga rithimu katika bendi yoyote, iwe ya mkoa, ya jeshi, ya kiwanda au ya chama, nenda kamtembelee wiki hii. Muulize alipiga nyimbo zipi, mwaka gani, na nani alikuwa pembeni yake. Andika majina yote, uyatume kwenye anuani ya gazeti hili. Nitayachapa hapa, kwenye safu hii, jina kwa jina.