Moto nao hupumua: usiufungulie mlango ovyo

Nyumba inaposhika moto mitaani mwetu, majirani aghalabu hukimbilia kuvunja madirisha na kubomoa mlango. Nia yao huwa njema. Wanataka moshi utoke na walio ndani wapate hewa. Lakini hewa hiyo inayomfaa binadamu ndiyo chakula cha moto, na mara nyingi huwamaliza watu ambao wangali hai.

Kama daktari, naona suala hili linahusu afya kama yalivyo malaria na kipindupindu. Wengi wanaofariki katika majengo yanayoungua hawauawi na ndimi za moto. Wanauawa na moshi, tena wengine wakiwa usingizini.

Ndani ya moshi mna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hii hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka mwilini, lakini imebeba mzigo usiofaa. Ubongo hukosa oksijeni, mtu akachanganyikiwa, miguu ikalegea, akaanguka hatua chache tu kutoka mlangoni.

Magodoro na makochi ya sponji yanapoungua hutoa sumu nyingine, sianidi, inayozizuia chembechembe za mwili kuitumia hata ile oksijeni kidogo iliyobaki.

Sponji na plastiki zimebadili pia tabia ya moto wenyewe. Majaribio ya taasisi ya UL nchini Marekani yalionyesha kuwa chumba chenye samani za kisasa kinaweza kuwaka chote kwa mkupuo chini ya dakika 5. Chumba chenye samani za zamani, za mbao na pamba, kilichukua karibu nusu saa.

Moto wa namna hii humaliza upesi hewa iliyomo chumbani. Ukiwa umefungiwa, hupungua nguvu na kufukiza moshi mzito mweusi. Anayetazama kutoka nje hudhani unakaribia kuzimika, kumbe unasubiri hewa tu. Mlango ukifunguliwa au kioo kikivunjwa, hewa huingia kwa kasi na chumba hulipuka kwa moto.

Ndiyo maana wazimamoto waliohitimu hawavunji tundu lolote bila mpango. Kwanza huuliza moto uko wapi na hewa itapitia wapi. Wakishatayarisha mpira wa maji, hufungua upande ulio karibu na moto ili moshi na joto vitokee huko, mbali na watu. Pengine hutoboa paa, kwa kuwa moshi wa moto hupanda juu. Pengine huweka feni kubwa mlangoni kuusukuma moshi nje, ila tu pawe na tundu la kutokea na maji ya kuuzima moto. Na kama maji hayajafika, huufunga mlango na kuuacha moto ukose pumzi.

Kukosea katika jambo hili kumewaua hata wenye ujuzi. Juni 18, 2007, wazimamoto 9 walikufa katika duka la samani la Sofa Super Store mjini Charleston, Marekani. Uchunguzi wa taasisi ya serikali, NIST, ulieleza kwamba madirisha ya mbele yalipovunjwa, hewa iliyoingia iliupa moto nguvu na ukaenea kwa haraka.

Hapa kwetu tatizo lina sura mbili. Licha ya kuvunja ovyo kutoka nje, tunafunga vibaya kutoka ndani. Katika shule ya Bombolulu, Kwale, wasichana 26 waliangamia mwaka wa 1998. Kule Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea mwaka wa 2001. Katika mikasa yote miwili, madirisha ya bweni yalikuwa na vyuma na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unasema wazi kwamba madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma, na milango ifunguke kwa nje wala isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani. Hata hivyo, mwaka wa 2024 wavulana 21 walifariki katika moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Sielewi tunangoja nini kabla ya kukagua kila bweni.

Maoni yangu ni haya: mlango wa nyumba una kazi mbili, kupitisha watu na kuzuia moto. Mlango wa kufuli hushindwa kazi ya kwanza. Mlango ulioachwa wazi nyuma ya mtu anayekimbia hushindwa ya pili. Katika majaribio hayo ya UL, chumba ambacho mlango wake ulifungwa kilibaki na joto la chini ya nyuzi 40, hali kile kilichoachwa wazi kilipita nyuzi 500.

Kwa hivyo, moto ukizuka ndani, toeni watu, kisha anayetoka mwisho auvute mlango nyuma yake. Tambaa, kwa maana hewa iliyo nafuu iko chini. Ukikuta mlango una moto, usiufungue. Baki upande wa pili, ziba upenyo wa chini kwa nguo na uite msaada dirishani.

Msomaji atauliza, je, jirani yangu akiwa amenaswa nisimame nikitazama? La. Ukijua yuko chumba gani, vunja dirisha la chumba hicho, ng'oa vyuma na umtoe. Mengine yaache yalivyo. Ni kweli kwamba kwenye vibanda vya mabati na mbao vilivyobanana ushauri huu una mipaka, kwani moto hurukia nyumba ya pili kabla ya mlango kusaidia. Huko dawa ni njia za kupitia na maji ya karibu, na hilo ni jukumu la serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye huduma za zimamoto chini ya Katiba ya 2010.

Aliyetolewa kwenye moshi apelekwe hospitalini hata kama hana kidonda. Kichwa kikimuuma, akitapika, sauti ikikauka au akiwa na masizi puani, asicheleweshwe. Maziwa hayaiondoi gesi hii damuni. Oksijeni ndiyo huiondoa: kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hutoka baada ya saa 5 hivi, lakini kwa oksijeni halisi huchukua kama saa moja na nusu au chini ya hapo. Wauguzi nao wasidanganywe na kile kipimo cha kidoleni, kwani huweza kuonyesha damu ni nzuri ilhali mgonjwa anakufa.

Kinga ni bora kuliko tiba. Usiku wa leo, kabla ya kulala, hakikisha kwamba kila mlango wa nyumba yako unafunguka bila kutafuta ufunguo, na kwamba watoto wanajua kuufunga wakishatoka.