Rubani Aliyefunikwa Macho, Nani Amtazamie Njia?

Asubuhi ya Septemba 25, 1978, anga ya San Diego, California, ilikuwa safi. Ndani ya Cessna 172, rubani mwenye leseni alikuwa akijifunza kuruka kwa kutegemea vyombo tu. Kwa mujibu wa wachunguzi, alikuwa amevaa kofia maalumu inayoziba macho yasione nje, na mwalimu wake alikaa kando. Nyuma yao ikaja Boeing 727 ya shirika la PSA, ikishuka kwenda kutua. Marubani wake walikuwa wamearifiwa kuhusu kindege kile, wakadhani wameshakipita. Kumbe kilikuwa chini yao. Bawa la kulia likakigonga, na watu 144 wakafa, 7 kati yao wakiwa ardhini.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani iliwatwika marubani wa Boeing sehemu kubwa ya lawama, kwa kuwa kindege kiliwapotea machoni nao hawakumwambia mwongoza ndege waziwazi. Lakini iligundua pia kwamba Cessna ilikuwa imeacha mwelekeo iliopangiwa. Hapo ndipo swali linapozuka: wanapokuwa wawili katika ndege, na mmoja amezibwa macho kwa makusudi, je, macho ya yule mwingine yanatosha?

Wahenga walisema macho hayana pazia. Marubani huyashonea pazia kwa sababu nzito. Anayeingia mawinguni bila mazoezi hudanganywa na mwili wake: sikio la ndani humwambia yuko sawa, kumbe ndege imelala upande na inazama. Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo alipotelea baharini usiku wenye utusitusi karibu na Martha's Vineyard. Hakuwa na idhini ya kuruka kwa vyombo, na wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo. Kwa hiyo kofia ile, au miwani iliyofifishwa sehemu ya juu, inaokoa maisha. Ubishi uko kwa anayebaki na macho wazi.

Sheria ya Marekani inamwita rubani wa usalama. Lazima awe na angalau leseni ya rubani binafsi inayolingana na aina ya ndege, na akae penye usukani wa pili. Lazima pia aone vya kutosha mbele na kila upande. Asipoweza, awepo mtazamaji mwingine mwenye uwezo wa kumsaidia. Hailazimu yeye mwenyewe awe amefuzu kuruka kwa vyombo, na hilo naliona sawa, maana kazi yake ni kutazama nje.

Ugumu umejificha katika maneno "vya kutosha". Ndani ya Cessna 172 rubani wa usalama hukaa kulia. Akitaka kuona kushoto, sharti apitishe macho mbele ya kichwa cha mwenzake, na kofia kubwa huongeza kizuizi. Bawa liko juu ya vichwa vyao. Ndege ikipinda, bawa hilo hushuka na kuficha upande ule ule inakoelekea. Na nyuma? Sheria haikuitaja, na ndege ya San Diego ilitokea huko.

Hata mbele penyewe macho yana mpaka. Ndege iliyo njiani kukugonga haisogei kiooni. Inabaki nukta palepale, kisha inavimba ghafla. Mwongozo wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani unakadiria sekunde 12.5 tangu jicho linase kitu hadi ndege ianze kukwepa. Ndege mbili ndogo zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 200 kwa saa, humaliza karibu kilomita 1.4 kwa muda huo. Rubani wa usalama akiinama sekunde 10 kusoma ramani, au kumsahihisha mwenzake alivyoshika mwelekeo, ameshatumia sehemu kubwa ya akiba ya wote wawili.

Wapo wanaosema tuongeze masharti: mtazamaji wa tatu kila safari, au mazoezi yote yahamie kwenye mashine za kuigiza urukaji. Mashine hizo ni nzuri, na sehemu ya mazoezi inahesabika humo. Lakini masharti yakizidi, gharama hupanda, na rubani asiyemudu mazoezi ndiye atakayekutana na wingu ujuzi wake ukiwa umeshika kutu. Wengine wanategemea mitambo ya kuonyesha ndege zilizo jirani. Inasaidia, ila si kila ndege hujitangaza, na skrini nayo huvuta macho ndani. San Diego kengele ya tahadhari ililia kwenye kituo cha waongoza ndege sekunde chache kabla ya mgongano, na haikuokoa mtu.

Jambo hili si la ugenini. Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo na ndege ya abiria aina ya Dash 8 yenye watu 44 iliyokuwa ikielekea Diani ziligongana Nairobi, karibu na Uwanja wa Wilson. Mwalimu na mwanafunzi walifariki. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Kisa hicho si cha kofia, lakini kinakumbusha jinsi wanafunzi na abiria wanavyogawana anga finyu.

Hukumu yangu ni kwamba kiwango cha leseni kinatosha. Kinachopwaya ni mgawanyo wa kazi. Rubani wa usalama awe na kazi moja, kutazama nje, na ukosoaji usubiri hadi watue. Kabla ya kuruka waafikiane nani anashika redio na kwa neno gani usukani unabadilishwa mikono. Ndege ikipinda, atangaze kwa sauti kwamba upande uko wazi, na asipouona aseme hauoni. Wakikaribia uwanja wenye msongamano, aongezwe mtazamaji, au kofia ivuliwe.

Na wewe rubani, ukiombwa na rafiki umkalie kiti hicho, usiende kama abiria wa bure. Mwenzako amekukabidhi macho yake.