Majani ya dhahabu jangwani, lakini miche iko wapi?

Jioni moja barazani kwetu kijana mmoja alitoa simu yake akatuonyesha picha aliyopelekewa kutoka Marekani. Ilikuwa picha ya miti iliyogeuka manjano tupu kama bizari, imesimama chini ya majabali mekundu marefu yasiyo na hata kichaka. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa aliitazama, akairudisha, akasema, "Miti hii ina maradhi." Mwingine akauliza kama kweli wapo watu wenye akili zao wanaojaza petroli garini wakaenda masafa ya siku nzima kutazama majani yanayopukutika, ilhali kwake yeye majani yanayopukutika ni kazi ya ufagio. Tulicheka sana. Lakini mimi nilibaki na neno moyoni, kwa kuwa mahali palipopigwa picha ile nilipata kufika, na leo, ndugu msomaji, nataka kusema na wazee wale kwa kalamu, maana barazani sikupewa nafasi.

Mahali penyewe ni korongo la Zion, katika jimbo la Utah. Mpwa wangu aishiye Salt Lake City ndiye aliyenichukua kwa gari, mwendo wa saa tano hivi kuelekea kusini, mwishoni mwa Oktoba. Njia nzima nilikuwa nikimuuliza, "Miti iko wapi?" naye akinijibu, "Mjomba, bado." Nje mlikuwa na mchanga, mawe na vichaka vya rangi ya vumbi. Kisha tukaingia korongoni, kuta za jabali zikapanda pande zote mbili hata kufika mita 600, na pale chini, kando ya mto uitwao Virgin, ndipo nilipoiona miti: msitari mmoja wa dhahabu unaofuata maji, ukikunja pale mto unapokunja.

Hapo ndipo penye siri ya uzuri wenyewe. Katika misitu ya upande wa mashariki wa Marekani mlima mzima huwaka rangi, na mtu hujua pa kutazama kwa kuwa ni kila mahali. Jangwani rangi ni chache, nayo hukaa palipo na maji tu. Mvua na theluji zinazoanguka juu ya majabali hunywewa na jiwe la mchanga, zikashuka polepole ndani yake mpaka zikutane na tabaka gumu zaidi la chini, na hapo hutokea ubavuni mwa ukuta kama jasho. Penye jasho hilo huota majani mabichi yakining'inia hewani. Kwa hiyo anayefuata majani ya vuli katika nchi ile, kwa hakika anafuata maji, na sisi watu wa visima na mabirika tungepaswa kuwa wa kwanza kulifahamu jambo hilo.

Mti mkubwa wa pale huitwa kotonwudi, kwa sababu mbegu zake hupeperuka na sufi nyeupe kama ile ya msufi wetu. Huo ndio wenye manjano. Mwekundu ni mepo, mti mdogo unaojificha katika vijikorongo vya pembeni penye kivuli. Juu milimani, karibu mita 3,000, upo aspeni, ambao hugeuka mapema, mwishoni mwa Septemba. Kisha rangi hushuka mlima mwezi mzima, mpaka kufika chini korongoni mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Aliyechelewa juu huweza kuwahi chini.

Na mzee wangu wa kahawa asidhani ni maradhi. Siku zikifupika na usiku ukianza baridi, mti huacha kutengeneza ile dawa ya kijani iitwayo klorofili. Manjano yalikuwamo jani zima la kiangazi, ila kijani kiliyafunika. Wekundu ndio mpya: hutengenezwa kwa sukari iliyobaki jani linapopata jua kali mchana na ubaridi usiku. Kisha mti hujiziba penye kikonyo, jani likaanguka bila kuacha jeraha. Na kwa nini tujifanye wageni wa habari hii? Mkungu ulioko ufukweni kwetu huona haya hivyo hivyo. Kila mtoto aliyeokota kungu chini yake ameshika jani jekundu kama samli iliyotiwa zafarani, akalitupa. Sisi tunalo jani moja moja tusilitazame, wenzetu wanalo korongo zima na wakalitazama. Sioni mwenye akili pungufu hapo isipokuwa sisi.

Kuhusu namna ya kutazama, nina maneno. Iko barabara inayopita kwenye shimo lililochimbwa ndani ya jabali, urefu wa karibu kilomita 1.8, lililofunguliwa mwaka 1930, na ukutani mwake wamekata madirisha. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini mwenye kupita garini huona manjano kama anayeona harusi kupitia dirisha la basi. Ndani ya korongo lenyewe, tangu mwaka 2000, magari ya watu binafsi hayaruhusiwi sehemu kubwa ya mwaka. Watu hupanda mabasi ya hifadhi. Wapo wanaonung'unika. Mimi nilishukuru, kwani basi lilitushusha mwisho wa barabara, tukatembea kando ya mto kama kilomita moja na nusu, na kwa miguu ndipo mtu husikia: majani ya kotonwudi hugongana kwa sauti ya mvua ndogo. Mbele ya hapo njia huisha, na anayetaka kuendelea huingia mtoni mwenyewe, baina ya kuta zilizokaribiana. Huko si pa mzaha. Mvua inyeshayo mbali huweza kuleta maji ghafula chini ya mbingu safi. Septemba 2015 watu saba waliokuwa wakishuka korongo jembamba katika hifadhi hiyo walichukuliwa na mafuriko wakafa. Nilirudi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mzee aliposema miti ile ina maradhi alikosea kuhusu rangi, lakini kuna dhara jingine asilolijua. Kotonwudi nyingi za korongo la Zion ni miti mizee, na vijana wa kuirithi ni wachache mno. Mbegu ya kotonwudi hutaka mchanga mbichi ulioachwa na mafuriko. Katika miaka ya 1930 wafanyakazi wa serikali waliujengea mto kingo za mawe na nyavu za waya ili usiharibu barabara na majengo, na mto uliofungwa hivyo hautandazi tena mchanga wake. Zaidi ya hayo, mwaka 2006 wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Oregon State, William Ripple na Robert Beschta, walieleza kwamba umati wa watu umewafanya puma waliepuke korongo, kulungu wakastarehe kwa kukosa adui, wakala kila mche unaochomoza. Katika bonde jirani lisilo na umati, ambako puma wangali wakitembea, walikuta kotonwudi changa zikiota kingoni.

Tazama basi kinyume kilichopo. Mwaka 2021 waliingia Zion watu zaidi ya milioni 5, na mimi pia nilikuwa mmoja katika umati wa mwaka wangu. Kuja kwetu kutazama ndiko kunakomfukuza mnyama anayeilinda miche. Wako watakaosema watu wazuiwe kabisa. Siafiki, asiyeuona mti hataulilia. Lakini ninasema kwamba palipo mawe yasiyolinda nyumba wala barabara, yaondolewe, mto upewe nafasi ya kufurika. Tena baadhi ya vijia vya kando vifungwe vipindi vizima, hata ikiwa ni vile vizuri zaidi, ili puma wapate pa kurudi. Mgeni akikosa kijia kimoja hakufi kitu. Wapaiute, wenyeji wa kale wa nchi ile, walikaa nayo muda mrefu kabla haijaitwa hifadhi mwaka 1919, na hawakuhitaji kuufunga mto kwa waya.

Jioni ile, kabla ya basi la mwisho, mimi na mpwa wangu tulitembea ukingoni tukitafuta mche wa kotonwudi uliopita urefu wa goti. Majani ya manjano yalikuwa yakituangukia mabegani. Saa nzima tulitafuta. Yeye ndiye aliyeuona mmoja, nyuma ya jiwe. Ncha yake ilikuwa imetafunwa.