Pesa kifuani hazina kosa, uvimbe mgumu upimwe

Wanawake wengi wanaovusha mahindi, samaki na mitumba Busia, Namanga au Rusumo huweka benki yao kifuani. Noti za shilingi huku, faranga kule, simu katikati. Mkoba hunyakuliwa, sidiria hainyakuliwi. Lakini sokoni kuna maneno ya siku nyingi kwamba pesa na simu zinazobana titi huleta saratani, na sidiria ya kubana ndiyo mbaya zaidi. Wapo waliohamishia pesa kiunoni kwa hofu hiyo, na wezi hawakulalamika.

Maneno hayo yanaielekeza hofu kusikostahili. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson mjini Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwahoji wanawake waliokwisha koma hedhi, zaidi ya 1,000 kati yao wakiwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Waliulizwa walianza kuvaa sidiria lini, huivaa saa ngapi kwa siku, na kama ina waya. Uhusiano na saratani haukuonekana. Noti ni chafu, hilo halina ubishi, lakini uchafu ni habari nyingine.

Hata hivyo, mgandamizo una nafasi yake katika saratani. Ni ule wa ndani ya nyama yenyewe. Seli ya mwili haikai peke yake; imeshikana na jirani zake na kuegemea nyuzi zinazoizunguka. Muuza nyanya anaelewa: nyanya za shamba moja hufika salama katika tenga lililopangwa vizuri, na hufika zimeoza katika tenga lililoshindiliwa.

Tangu mwaka 1911, kwa kazi ya Peyton Rous, ilijulikana kwamba kuna kirusi kinachowapa kuku uvimbe wa saratani. Mwaka 1984 Mina Bissell, mwanasayansi mzaliwa wa Iran anayefanya kazi Berkeley, California, alionyesha na mwenzake kwamba kirusi hicho kikiwekwa katika kifaranga kichanga kilicho bado ndani ya yai, uvimbe hauoti, ingawa kirusi kimo ndani ya seli. Seli hizohizo zikitolewa na kutandazwa katika chombo cha maabara, zinageuka za saratani. Kumbe mpangilio wa nyama ulikuwa umeuzuia ugonjwa.

Mwaka 2005 Valerie Weaver na wenzake wakaongeza jambo lingine. Seli za titi zilizolazwa juu ya utomvu laini zilijipanga kama vijifuko vya kawaida vya titi. Juu ya utomvu mgumu zilipoteza umbo na kuanza kukua ovyo. Kwa panya, nyama yenye uvimbe ilikuwa ngumu mara nyingi kuliko nyama nzima. Nyuzi zikikaza, seli huvuta. Seli zikivuta, nyuzi hukaza zaidi. Uvimbe ukishajibana hivyo hubana hata mishipa yake ya damu, na dawa inayotiwa mwilini hupata taabu kuufikia. Ndiyo maana watafiti wa Boston wamejaribu kuongeza losartani, dawa ya shinikizo la damu, katika tiba ya saratani ya kongosho. Jaribio lao la mwaka 2019 lilileta matumaini, lakini lilikuwa na wagonjwa 49 tu na halikuwa na kundi la kulinganisha. Mtu asiinunue duka la dawa ng'ambo ya pili akidhani amejitibu saratani.

Ugumu huo unaopimwa maabara, kidole cha mwanamke kinaweza kuugusa anapooga. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa wanasubiri maumivu, na uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni. Wengine huenda kukandwa na mafuta mwezi baada ya mwezi. Kukanda hakuziondoi nyuzi zile, na miezi hairudi. Vivimbe vingi vya titi si saratani, ndiyo, lakini kukatwa kinyama kidogo na kupimwa ndiko kunakotoa jibu la hakika.

Ocean Road iko Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago, Butaro iko milimani kaskazini mwa Rwanda. Kwa mwenye meza sokoni, safari hizo ni siku za mauzo zilizopotea, na wengi huahirisha. Lakini mfanyabiashara huyohuyo hupita kila wiki mbele ya afisa wa afya mpakani, anayekagua kadi ya homa ya manjano na, kukiwa na mlipuko, kupima joto. Hakuna sababu ya meza hiyo kukosa muuguzi wa kike, chumba chenye pazia na fomu ya rufaa ya hospitali iliyo karibu, ya upande wowote wa mpaka. Vyama vya wafanyabiashara hukutana na maofisa wa forodha kuhusu ushuru na foleni za malori. Ombi la chumba hicho liingizwe katika ajenda ya kikao kijacho.